Chini ya Paa Moja na Mkwe

Mtu wa Makongeni akienda kulala hoteli ya ufukweni hapakii nguo peke yake, anapakia na ushauri wa majirani. Rispa alikuwa amepewa wa kutosha. Mama wa nyumba ya tatu alimwambia asiguse kijifriji cha chumbani, kwamba ukigusa tu chupa imeshaandikwa jina lako. Mwenzake wa kanisani alimwambia avae leso juu ya leso, kwa sababu huko watu wanatembea uchi na hawaoni haya. Mwingine alimwonya asile kitu asichoweza kukitaja jina. Yote hayo Rispa aliyaweka moyoni, akapanda treni ya Alhamisi asubuhi pamoja na mumewe Owino, binti yao Awuor, na mume wa Awuor, Job Nabiswa. Katika majirani wote hao, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuuliza swali lililohitajika: je, mkwe atalala wapi?

Safari ilikuwa ya Job. Aliuza matangi ya maji kwa kampuni moja ya Industrial Area, na mwaka huo aliuza kuliko wenzake wote, wakamzawadia siku tatu za watu wanne katika hoteli ya Mkoko Sands, kusini mwa Mombasa, kula na kulala bure. Marafiki zake walijipendekeza mpaka wakachoka. Job akasema atawapeleka wazazi wa mke wake. "Mama amepika maisha yake yote," alimwambia Awuor. "Wacha apikiwe siku tatu."

Hayo alimwambia Awuor. Rispa mwenyewe hakumwambia, kwa maana katika miaka mitatu ya ndoa Job na mama mkwe wake hawakuwa wamewahi kuongea ana kwa ana. Msidhani palikuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima. Rispa ni Mjaluo, Job ni Mbukusu, na katika jambo hili makabila hayo mawili yanaelewana kuliko yanavyoelewana katika siasa: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ndiyo kabisa haitajwi. Job akija Makongeni alikaa kiti cha karibu na mlango, Rispa akabaki upande wa jikoni nyuma ya pazia, na salamu zikapelekwa na Awuor kama barua. Jua likizama Job aliondoka, hata mvua ikinyesha ya mawe.

Job alitaka mwanamke huyo apumzike. Hicho tu ndicho alichotaka, na kwa muda mfupi siku ile ya kwanza ilionekana hatakipata.

*

Nyumba waliyopewa ilikuwa nambari kumi na nne, nyeupe, imeezekwa makuti, na bogenvilia imepanda ukutani mpaka dirishani. Mhudumu aliwafungulia, akawaonyesha sebule, chumba cha upande wa kulia, chumba cha upande wa kushoto, bafu katikati, akaenda zake. Owino aliingia moja kwa moja akabonyeza kitanda kwa ngumi, kama fundi anayepima tairi. Rispa aliinua mguu kuvuka kizingiti, akauangalia ule mguu, akaurudisha nje.

"Hapa analala nani?"

"Sisi, mama. Wewe na baba hiki cha upande wa kulia, sisi kile kingine."

"Sisi nani?"

"Mimi na Job."

Job alikuwa ameshayasikia maneno hayo kabla hayajasemwa. Alisimama hatua ishirini nyuma, ameyakodolea macho maua ya bogenvilia kana kwamba ametumwa ayahesabu.

"Awuor, hii nyumba iko na paa ngapi?"

"Moja, mama, lakini kuna milango. Angalia, inafungwa na ufunguo. Na sebule iko katikati."

Awuor hakuwa na nia mbaya. Alilelewa katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa reli, watu sita na pazia moja, na kwake yeye milango miwili na sebule ulikuwa umbali kama wa kutoka Jogoo Road hadi Gikomba kwa miguu. Fomu ya hoteli ilikuwa imemwuliza: vyumba viwili, au nyumba moja ya familia? Aliona picha ya nyumba, akaona makuti na maua, akachagua maua. Sasa alisimama katikati ya sebule hiyo nzuri, machozi yakimlengalenga.

Owino alitoka chumbani kuja kuokoa jahazi. Alikuwa amefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, na hakuna jambo duniani ambalo hakulielewa kwa njia ya reli.

"Nyar Ugenya," alimwita mkewe kwa jina la kwao, kama alivyofanya kila alipotaka kitu, "hoteli si nyumba ya mtu. Ni kama treni. Behewa moja, vyumba vingi, paa ni hiyo hiyo. Nimesafirisha watu na wakwe zao mpaka nikastaafu, na hakuna hata mmoja aliniambia nisimamishe treni ashuke."

"Treni inatembea, Baba Awuor. Nyumba imekaa."

"Kukaa na kutembea kuna tofauti gani mtu akiwa amelala?"

"Na bafu? Liko moja. Mkwe wangu aoge, mimi niingie nyuma yake nikute taulo lake limening'inia?"

Owino aliuvuta mlango wa bafu akaufunga. Katika mambo ya reli taulo halikuwemo.

"Mimi sijakasirika," Rispa alisema, na kweli hakuwa amekasirika, jambo lililomuumiza Awuor zaidi. "Nyinyi ingieni mpumzike. Mimi nitakaa kwenye viti vya wageni pale mbele mpaka kukuche. Kesho narudi na treni. Nimeona bahari kutoka kwa gari, imetosha."

Akaubeba mkoba wake mwenyewe, akapita njia ya mbali ili asimkaribie mkwe, na kwenda kukaa mapokezi.

*

Mtu wa Nairobi ana hofu moja kubwa kuliko njaa: kuonekana mshamba. Awuor alipofika kwenye meza ya mapokezi na kumkuta bwana mmoja mwenye shati jeupe lililonyooshwa, na beji iliyoandikwa Muindi, aliona haya kusema ukweli. Atasemaje? Kwamba mama yake anaogopa taulo?

"Tunaomba chumba kingine," alisema. "Hata kidogo."

"Madam, tumejaa. Ni likizo ya shule. Kuna tatizo na nyumba?"

"Nyumba ni safi kabisa. Tatizo ni..." Aligeuka akamwangalia Job aliyekuwa nyuma yake, kisha akamwangalia mama yake kule kwenye viti, ameupakata mkoba. "Tatizo ni mume wangu. Anakoroma."

Job alimtazama mke wake. Job hulala kimya hata Awuor humgusa wakati mwingine kuhakikisha kama yuko hai.

"Anakoroma sana?" Muindi aliuliza kwa huruma.

"Sana. Na mama yangu ana presha."

Muindi alisubiri Job akanushe. Job aliuona ule mkoba mapajani pa mama mkwe, akainamisha kichwa. "Ni kweli. Tangu utotoni."

"Kuna kitanda kwenye vyumba vya madereva, nyuma ya jenereta. Huko hata ukikoroma kama lori hutasikika. Lakini ndugu yangu, si hadhi ya mgeni. Naona haya hata kukuambia."

"Nakichukua."

Awuor alienda kumwambia mama yake kwamba Job amepata chumba kingine, jengo lingine kabisa.

"Kizuri?"

"Kizuri, mama."

"Kizuri kama hiki?"

"Mama, aki kizuri."

Rispa alimwangalia binti yake kitambo, kisha akainuka. Magoti yakalia, akacheka kidogo, akamwachia Awuor mkoba.

*

Ijumaa ilikuwa siku njema, na hakuna haja ya kulificha hilo. Rispa na Owino walienda kula saa moja asubuhi, Job akapangiwa saa tatu, na Awuor kwa kuwa ni wa pande zote mbili akala mara mbili. Mpishi wa mayai alimwuliza Rispa anayapenda vipi, naye akashindwa kujibu, maana hakuna aliyewahi kumwuliza. "Yaive," alisema mwishowe. Yakaiva. Mhudumu mmoja wa meza, msichana mchangamfu aitwaye Maurine, alimwambia arudie tu, mama, hapa hakuna kuhesabiana. Rispa alirudia. Alikula embe, akala mahamri, akaonja kitu cheupe asichokijua jina, akamkumbuka yule jirani, akakirudisha sahanini.

Baadaye alishuka ufukweni na leso zake mbili. Aliingia majini mpaka magotini, mawimbi yakamvuta gauni, akapiga ukelele kisha akacheka mpaka akamshika Owino asianguke. Wakakaa chini ya mwavuli wa makuti.

"Baba Awuor," Rispa alisema.

"Naam."

"Tangu asubuhi hakuna mtu ameniita nimletee kitu."

"Nikuite?"

"Thubutu!"

Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimshangaza, akawa anaigusagusa kama mtu mwenye kiatu kipya.

Upande wa jenereta mambo yalikuwa tofauti kidogo. Asubuhi hiyo Job alikuwa ameamka na kukutana na Walter, dereva wa gari la watalii, mzaliwa wa Mathare, mwenye kitanda cha pili katika chumba kile.

"Niaje, buda. Umeleta wageni wa kampuni gani?"

"Mimi ndio mgeni."

Walter alidhani ni mzaha. Alipoonyeshwa bangili ya plastiki ya wageni mkononi alicheka hadi akakaa kitandani. "Yaani umeshinda hoteli, halafu unalala na sisi wa usukani? Msee, umefanya nini?"

"Nakoroma."

"Wacha! Nimelala hapa na wewe, sijasikia kitu. Nilidhani umekufa."

Job akamweleza. Walter aliacha kucheka. Akasema hata yeye mama mkwe wake anakaa Kariobangi, na akimwona kwa mbali anabadilisha njia. Lakini habari ya kukoroma ilikuwa imeshafika jikoni. Job alipoenda kula, Maurine alimwekea mbele kikombe cha tangawizi na limau bila kuagizwa, akamnong'oneza kwa upole: "Ni ya koo. Wametuambia." Wageni wa meza ya jirani walimtazama. Job alikinywa chote, kwa sababu msichana alikuwa na roho nzuri.

*

Bwawa la kuogelea walikuwa wameligawa kwa saa. Rispa angelala baada ya chakula cha mchana, na hapo ndipo Job angeogelea. Lakini mtu aliyeshiba na mwenye furaha hapangiki. Saa nane mchana Rispa alikataa kulala, akataka kuona lile bwawa ambalo Owino alimwambia lina duka la soda katikati ya maji. Wakaenda, wakakaa pembeni kwenye kivuli.

Job alitokea upande wa pili, amevaa kaptura ya kuogelea tu, taulo begani. Hakuwaona. Kabla hajafika ukingoni, mlinzi alimshika mkono.

"Wapi, kaka?"

"Kuogelea."

"Madereva hawaruhusiwi huku. Nawe wajua."

"Mimi si dereva. Ni mgeni."

"Mgeni hana taulo la buluu. Taulo la buluu ni la kule nyuma. La mgeni ni jeupe."

Job alimwonyesha bangili. Mlinzi alitikisa kichwa. "Bangili mwaokota. Wiki jana mmoja alikuja na ya Mjerumani aliyeshaondoka. Twende, tusitie watu aibu."

Akamvuta. Job si mtu wa makelele, hata matangi yake aliyauza kwa sauti ya chini. Alisema tena kwamba ni mgeni, mara moja, kisha akaanza kufuata kule alikovutwa. Watu waliokuwa majini walisimama kutazama. Mwanamke mmoja alivuta mkoba wake karibu.

Rispa aliona yote hayo. Aliona kwanza kwamba ni mkwe wake, na kwamba hana shati, akageuza uso haraka kama aliyemwagiwa maji. Sheria aliijua: hapo mtu huinuka akaenda zake, akajifanya hakuona. Owino alikuwa ameshaanza kutafuta kofia yake ili waondoke. Lakini masikio hayageuzwi. Rispa aliendelea kusikia, "twende, twende," na sauti ya yule kijana mpole ikisema, "sawa, usinivute."

Akainuka. Alilizunguka bwawa macho yakiwa kwenye miti, akapita kati ya mlinzi na Job bila kumtazama Job, akasimama mbele ya mlinzi, mgongo wake kwa mkwe. Alifungua leso yake ya juu, akaipeleka nyuma kwa mkono mmoja bila kugeuka. Job aliipokea akajifunga kifuani kama bibi harusi.

"Mwachilie," Rispa alisema.

"Mama, huyu ni dereva, ametoka..."

"Huyu ni mkwe wangu. Sisi tumekuja hapa kwa jasho lake. Mayai niliyokula asubuhi ni yake. Kitanda nimelalia ni chake. Ukimtoa, utoe na mimi, na yule mzee pale anayetafuta kofia na iko kichwani."

"Mama, mimi nafuata taulo."

"Mimi nafuata mtu."

Mlinzi alimwachia Job mkono. Alisema samahani, na akaisema vizuri, kwa sababu naye ana mama. Lakini Rispa hakuondoka. Kulikuwa na neno limemkaa moyoni.

"Mwulize amelala wapi jana."

Mlinzi alimwangalia Rispa, akamwangalia Job aliyesimama hatua moja tu nyuma yake. "Nimwulize mimi?"

"Wewe."

"Mama auliza, umelala wapi jana?"

"Mwambie nimelala salama," Job alijibu.

"Asema amelala salama."

"Sikuuliza amelalaje. Nimeuliza wapi."

Job alikaza fundo la leso. Hata waliokuwa majini walisubiri.

"Kwa madereva," Job alisema. "Nyuma ya jenereta."

Mlinzi hakuona haja ya kurudia. Rispa alishaanza kutembea, na kila mtu aliona kwamba analia.

*

"Umenidanganya, Awuor."

"Mama, nilitaka ukae."

"Mkwe wangu analala na madereva, anafukuzwa kama mwizi mbele ya wazungu. Mke wake analala nyumba moja na mamake kama hajaolewa. Ni mimi nimevunja nyumba yenu, kwa sababu ya mayai." Alikuwa anakunja gauni huku akizungumza. "Kuna treni ya kesho asubuhi. Job arudi hapa kwa mke wake."

Awuor alikimbia nyuma ya jenereta kumwambia Job. Job akasema kama mama anaondoka, basi yeye ndiye ataondoka, tena leo kwa basi, mama abaki. Owino akapeleka jibu. Rispa akasema kama ni hivyo, yeye na Owino watahamia kwa madereva, vijana wakae kwenye maua. Awuor akapeleka hilo. Job akasema heri afe kuliko mama mkwe wake alale karibu na jenereta. Owino akarudi na hilo, akihema. Kila mmoja alitaka kumpa mwenzake kitanda kizuri, na kwa heshima hiyo hiyo walikuwa wanakaribia kurudi Nairobi wote wanne.

Safari ya tano Owino alikutana njiani na Muindi, aliyekuwa amepata habari za bwawani na kuja kuomba radhi.

"Mzee, nimesikitika sana. Mlinzi atakuja mwenyewe awaone. Lakini naomba kuuliza, shida yenu ni nini hasa? Nawaona mnapita hapa mbio. Kuna ugomvi nyumbani?"

Owino alikuwa na umri wa miaka sitini na nne, jua lilikuwa kali, na miguu ilimuuma. Haya zilimwishia. "Hakuna anayekoroma," alisema. "Yule ni mkwe. Mke wangu hawezi kulala naye paa moja. Ndiyo shida. Sasa unaweza kucheka."

Muindi hakucheka. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mzee! Kwa nini hamkusema? Mimi ni Mkamba wa Machakos. Kwetu tunaita nthoni. Mama mkwe wangu akipita ng'ambo ya barabara, mimi naingia duka lolote lililo wazi, hata la majeneza."

"Tulidhani mtatuona washamba."

"Na mimi nimetangaza jikoni nzima kwamba jamaa anakoroma! Ningejua ningemaliza jambo hili jana, saa kumi na moja. Hebu ngoja."

Kumbe tangu Jumatano kulikuwa na mama mmoja wa Eastleigh, Ifrah, mwenye duka la vitambaa, aliyekuja na mama yake mzazi na watoto wanne. Alipewa vyumba viwili katika majengo mawili tofauti, na kila asubuhi alikuwa mapokezi akilalamika kwamba watoto wanavuka bustani na mito yao mikononi kumfuata nyanya. Alitaka nyumba moja. Aliambiwa nyumba za familia zimekwisha. Ya mwisho, nambari kumi na nne, ilikuwa imechukuliwa na watu wa Makongeni.

Muindi akawabadilishia, na nusu saa haikupita mizigo ikapishana bustanini. Ifrah alisimama kumsalimu Rispa, watoto wakimpita mbio kuingia ndani.

"Walahi, nyinyi mwataka mbali, sisi twataka karibu," alisema akicheka. "Na sisi sote tulikaa tukilaumu hoteli."

"Mimi sikulaumu hoteli," Rispa alisema. "Nililaumu taulo."

Kabla hajaingia chumba chake kipya, Rispa alirudi nyuma mpaka katikati ya bustani. Aliangalia jengo la kwanza, akaangalia jengo la pili, akamwita Owino naye aangalie. Mapaa yalikuwa mawili, na minazi sita katikati. Jioni hiyo Maurine alimtengea Job chai ya kawaida, akamwomba msamaha, na Job akamwambia tangawizi ilikuwa tamu, alete tu.

*

Jumamosi ilikuwa jioni yao ya mwisho, na hoteli ilikuwa na desturi yake: jioni hiyo chakula huliwa na wageni wote kwa pamoja, mchangani, saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia. Hakukuwa na zamu ya kwanza wala ya pili. Awuor alianza kuhangaika, lakini safari hii hakutunga hadithi. Alienda kwa Maurine akamweleza mambo yalivyo, neno kwa neno.

Maurine alifikiri kidogo. Akaweka meza mbili ndogo zikikaribiana, akamketisha Rispa kwenye moja, uso kwa bahari, na Job kwenye nyingine, uso kwa hoteli. Migongo yao ilikuwa karibu kugusana, ila hakuna aliyemwona mwenzake. Meza zilikuwa mbili. Paa lilikuwa mbingu, na mbingu Rispa hakuwa na neno nayo.

Awuor na Owino waliwaacha hapo, wakaenda kupanga foleni kuwachukulia vyakula. Foleni ilikuwa ndefu. Job alikaa wima, uma mkononi, akila polepole kijisahani cha vionjo alichowahi kukichukua mapema. Alisikia mama mkwe wake akikohoa. Alisikia akisogeza glasi. Hakukuwa na Awuor wa kutumwa, wala Owino, wala hata yule mlinzi.

"Nabiswa."

Job alishtuka, uma ukamponyoka. Katika miaka mitatu hakuwahi kulisikia jina lake kwa sauti hiyo.

"Naam, mama."

"Kile kitu cha mikia mingi, kiko kwa meza ya mwisho kule. Wanasema ni pweza. Usichukue. Nimekijaribu mchana, kinarudi juu."

Job alikiangalia kijisahani chake. "Nimeshachukua, mama."

"Umekula?"

"Kiko mdomoni."

"Basi kimeze, usitafune. Ukitafuna umekwisha."

Alimeza. Macho yakamtoka, akakohoa, na kwanza akajitahidi kuzuia kicheko kwa sababu ya heshima, kisha akasikia nyuma yake kiti cha mama mkwe kinatikisika. Naye akashindwa. Walicheka hivyo, mmoja akiangalia bahari na mwingine akiangalia jikoni, mpaka Rispa akatafuta ncha ya leso kujifuta.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Asante kunileta."

Job aliinama akaokota uma wake mchangani. Akapangusa macho, na safari hii haikuwa kwa sababu ya pweza.

"Karibu, mama."

Owino alikuwa anarudi na sahani mbili za wali wa nazi na samaki, Awuor nyuma yake na nyingine mbili. Aliiona ile migongo miwili, akasikia sauti ya mkewe ikisema jambo refu, na sauti ya mkwe ikiitikia, na tena ya mkewe. Akasimama ghafla mchangani, Awuor karibu amgonge.

"Baba, nini? Chakula kinapoa."

"Kipoe," Owino alisema. "Mama yako anaongea na mkwe wake."